Ruto, 2027 na kiti cha mtu wa tatu

Tume ya uchaguzi ilipofungua tena uandikishaji wa wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025, mpwa wangu alinijia barazani na swali ambalo lilikuwa likimkera. Ana miaka 23. Mwaka 2022 alikuwa na kitambulisho mfukoni lakini hakujiandikisha, kwa sababu aliona wagombea wote ni wale wale. Juni 2024 alikuwa Moi Avenue hapa Mombasa, bendera shingoni, koo limekauka kwa kupiga kelele kuhusu Mswada wa Fedha.

"Mjomba," aliniambia, "nikimpa Maraga kura yangu, si nitakuwa nimempa Ruto?" Alimaanisha David Maraga, jaji mkuu wa zamani anayetaka urais.

Nilifungua mdomo kumjibu ndiyo, nikaufunga. Watu wa rika langu tuna jibu moja la swali hilo, tumelibeba tangu 1992. Nilipojaribu kulipima kwa sheria ya leo na kwa hesabu za chaguzi mbili tatu zilizopita, niliona limechakaa upande mmoja, na upande wa pili bado lina makali kuliko tunavyofikiri. Agosti 10, 2027 si mbali, na nchi nzima inabishana Wantam na Tutam, yaani Ruto akae muhula mmoja au miwili, kana kwamba kuna watu wawili tu ulingoni. Naona ubishi huo unaruka jambo lenyewe.

Jibu letu la zamani lilitokana na maumivu. Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa, vyama vingi vikarudi, na FORD ilikuwa chama ambacho ungedhani kingeing'oa KANU kwa upepo tu. Kabla ya 1992 kuisha FORD ilikuwa imepasuka. Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Kenya yake wakabaki katika ofisi za Agip House, Kenneth Matiba na FORD-Asili wakawa katika zile za Muthithi House, na Mwai Kibaki alikuwa ameshajitoa KANU akaunda DP. Kura zilipohesabiwa, Daniel arap Moi alipata asilimia 36. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Karibu watu wawili kati ya watatu walimkataa rais, na rais akaapishwa. Miaka mitano baadaye Moi alipata kama asilimia 40. Kibaki, Raila Odinga, Kijana Wamalwa na Charity Ngilu wakagawana mabaki. Hapo ndipo lilipozaliwa somo tulilofundishana: upinzani ukigawanyika, rais anapita katikati. Mwaka 2002 wapinzani waliungana chini ya NARC, Raila akatamka "Kibaki Tosha" Uhuru Park, na KANU ikaenda nyumbani. Somo likathibitika.

Lakini sheria iliyompitisha Moi haipo tena. Wakati ule mshindi alihitaji kura nyingi kuliko mwenzake mmoja mmoja, pamoja na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Katiba ya 2010, kifungu cha 138, inataka zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana wa namna hiyo, wawili wa kwanza wanarudi debeni ndani ya siku 30. Kwa sheria hii Moi wa 1992 asingeapishwa. Angerudi ulingoni na Matiba, wawili peke yao, na sidhani kuna mtu aliyeishi miaka ile anayeamini kwamba angetoka salama.

Kwa hiyo mgombea wa tatu wa leo hafanyi kazi ile aliyofanya wa 1992. Akichukua kura kwa mpinzani mwenzake, hamsogezi rais hata hatua moja karibu na nusu. Akichukua kura kwa rais, anamrudisha nyuma. Robo ile ya kaunti ni kikwazo kidogo kwa Ruto, maana mwaka 2022 aliivuka katika kaunti 39. Kikwazo chake ni nusu.

Mwaka huo William Ruto alipata kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tulizungumza miezi mizima kuhusu tofauti ya kura 233,000 baina yao, mpaka Mahakama ya Juu. Tofauti iliyompeleka Ikulu siku ile si hiyo. Chukua kura zote halali za wagombea wanne, gawa kwa mbili, kisha angalia Ruto alivuka mstari kwa kiasi gani: kama kura 70,000. George Wajackoyah na David Mwaure kwa pamoja walipata karibu 94,000. Laiti wapiga kura 70,000 tu wa Ruto wangempa mtu wa tatu yeyote, tungerudi vituoni mwezi uliofuata. Hiyo haifiki hata wastani wa wapiga kura walioandikishwa katika eneo bunge moja.

Na 2013 ilikuwa nyembamba zaidi. Kwa hesabu iliyotangazwa na tume, iliyojumuisha kura zilizoharibika, Uhuru Kenyatta alivuka nusu kwa kura kama 8,400. Musalia Mudavadi, aliyekuwa wa tatu na kura 483,981, alikaribia sana kuilazimisha nchi duru ya pili bila hata kukaribia ushindi.

Ndiyo maana nasema mpwa wangu hana haja ya kuogopa kwa sababu ile tuliyomfundisha. Ila ipo sababu nyingine.

Tuwaangalie watu wa tatu wenyewe, walikwenda wapi baada ya kura kuhesabiwa. Raila alikuwa wa tatu 1997. Ilipofika 2001 alikuwa waziri wa Moi, na Machi 2002 chama chake cha NDP kikamezwa na KANU. Wamalwa aliyemfuata akawa makamu wa rais wa Kibaki, Ngilu akawa waziri. Simeon Nyachae, wa tatu 2002 kwa asilimia kama sita, aliingia baraza la mawaziri la Kibaki miaka miwili baadaye. Kalonzo Musyoka, aliyeahidi mwaka 2007 kupita katikati ya wale wawili, alipata kura 879,903, takribani mara nne ya tofauti iliyotangazwa baina ya Kibaki na Raila. Januari 2008, nchi ikiwaka moto na watu wakikimbia makwao, yeye alikuwa anakula kiapo cha makamu wa rais. Mudavadi wa 2013 leo ni mkuu wa mawaziri wa Ruto, na chama chake cha ANC kimeingizwa ndani ya UDA, chama cha Ruto.

Silaumu kila mmoja wao kwa kila hatua. Siasa ina mazingira yake, na baadhi ya maafikiano yale yalituliza nchi. Lakini mfululizo wenyewe hauna siri. Kiti cha mtu wa tatu Kenya hakijawahi kuwa njia ya Ikulu kwa mwaka ule ule. Kimekuwa tiketi ya kukaa mezani na aliye Ikulu.

Sasa weka tabia hiyo ndani ya siku 30 za duru ya pili. Hatujawahi kuwa nazo. Tangu 2010 tumepiga kura ya urais mara nne, tukihesabu marudio ya Oktoba 2017, na kila mara mshindi ametangazwa bila duru ya pili. Hakuna anayejua siku hizo zitanukia nini. Mimi nakisia hivi: rais aliyepata asilimia 45, tuseme, ana wizara za kugawa, mashirika ya umma, ubalozi, miradi ya barabara iliyosimama kijijini kwa mtu. Mpinzani aliyepata 35 ana ahadi. Aliyekuwa wa tatu na asilimia 12 anaamka asubuhi simu zote mbili zinaita. Kura yako ya duru ya kwanza ilimzuia rais. Mkono uliouinua unaweza kumvusha.

Malawi walipita njia hii na inafaa tuiangalie kwa makini, maana hata kufutwa kwa matokeo yao kulifuata nyayo zetu. Mei 2019 Peter Mutharika, rais aliyekuwa madarakani, alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei. Lazarus Chakwera alipata 35, na Saulos Chilima, wa tatu, 20. Februari 2020 mahakama ilifuta uchaguzi na kusema mshindi lazima avuke nusu. Chilima hakungoja kupigiwa simu. Alijiunga na Chakwera kama mgombea mwenza kabla ya marudio, Juni 2020 wakashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Na Septemba 2025 Chakwera naye, akiwa rais, aliangushwa na Mutharika yule yule duru ya kwanza. Rais aliye madarakani anaangushika. Huko mtu wa tatu alisema mapema anasimama na nani, na aliyempigia alijua kura yake inakwenda wapi.

Hapa kwetu, rais aliye madarakani hajawahi kushindwa hata mara moja. Moi mara mbili, Kibaki katika ule uchaguzi wa 2007 uliotuachia makaburi zaidi ya elfu moja, Uhuru 2017 kwa kura mbili. Wanaoimba Wantam wanalisahau hili. Ruto ana pesa za serikali, ana machifu mpaka mtaani, ana mapatano ya Machi 2025 na ODM, chama cha Raila, na ana uzoefu wa kampeni ambao sioni mwenzake leo. Kifo cha Raila, Oktoba 15, 2025, kilimwondolea mshirika aliyeweza kuileta Nyanza kwa neno moja, lakini pia kilimwondolea mtu pekee aliyeweza kuigeuza Nyanza dhidi yake kwa neno moja. ODM sasa inavutana yenyewe, wengine wakitaka kubaki serikali jumuishi na wengine wakitaka kutoka. Kwa rais hiyo ni afadhali kuliko ODM nzima dhidi yake.

Chaguzi ndogo za Novemba 27, 2025 zilionyesha sura hiyo. Mbeere Kaskazini, upande wa Mlima Kenya, UDA ilishinda kwa chini ya kura 500. Malava nayo ilishinda kwa shida. Wafuasi wa rais walisherehekea, na ushindi ni ushindi. Lakini eneo la Mlima Kenya ambalo 2022 lilimpa Ruto kura kwa magunia, rais akilazimika kuhamishia huko vigogo wake wote ili apate mbunge mmoja kwa kura mia nne na kitu, hapo mimi naona mtu anayesukuma gari kupanda mlima.

Na mlima ndio hesabu yake yote. Kiambu peke yake ilimpa zaidi ya kura 600,000. Rigathi Gachagua aliondolewa umakamu Oktoba 2024, Mei 2025 akazindua chama chake cha DCP, na sehemu kubwa ya mlima imekwenda naye. Kithure Kindiki, makamu aliyemrithi, ataokoa sehemu ya mashariki, Tharaka-Nithi na Meru, lakini hataokoa Nyeri na Murang'a. Ruto anajaribu kufidia kwa Nyanza, Magharibi na Pwani. Kihesabu inawezekana. Lakini mtu wa Kisumu aliyempigia Raila mara nne hahamishwi kwa hati ya mapatano iliyotiwa saini KICC. Anaweza asimpinge Ruto, na anaweza pia akalala nyumbani siku hiyo. Nikiulizwa leo, nasema Ruto anaongoza mbio, na nasema pia kwamba nusu ya kura duru ya kwanza ataipata kwa shida kubwa, kama ataipata.

Sasa wale wengine. Kalonzo yuko na Wiper, Fred Matiang'i na Jubilee, Martha Karua na PLP, Gachagua na DCP yake. Hawa wanajiita muungano na bado hawajamtaja mgombea. Nje yao yuko David Maraga na United Green Movement, jaji mkuu aliyesoma uamuzi wa Septemba 1, 2017 wa kufuta ushindi wa rais aliye madarakani, na yuko Okiya Omtatah, seneta wa Busia, aliyeishitaki serikali mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hao wawili ndio vijana wengi wanaowataja kwa moyo. Ndio nguvu ya tatu halisi, kama ipo.

Tatizo lao si nia. Nilikaa ndani ya kituo cha kura usiku wa Agosti 9, 2022, darasani katika shule ya msingi hapa Mombasa. Makaratasi yalikuwa ya rangi tano badala ya sita, kwa sababu uchaguzi wetu wa gavana ulikuwa umeahirishwa. Karani aliinua karatasi moja moja ya urais, akaionyesha mbele, akataja jina, akaiweka kwenye rundo lake. Ruto. Raila. Raila. Ruto. Mawakala wa UDA na wa Azimio, muungano wa Raila, walikuwa wameinamia mbele kama watu wanaoangalia mchezo wa bao, kila mmoja na daftari lake. Saa tano usiku ukatokea ubishi kuhusu karatasi yenye alama iliyogusa visanduku viwili. Wawili wale wakasimama, wakaidai, wakaikataa, mpaka msimamizi akaamua imeharibika. Jina la Wajackoyah lilitajwa mara nne usiku ule. Hakukuwa na mtu wake wa kusema lolote. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, ilipobandikwa mlangoni, nafasi ya sahihi ya wakala wake ilikuwa tupu.

Vituo vilikuwa 46,229 mwaka ule. Kila kimoja kinataka mtu mmoja wa kukaa kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane, ale, apate nauli, ajue sheria, asinunuliwe. Chama kisichoweza kuweka watu elfu arubaini na sita vitini hakilindi kura zake. Kinaomba wengine wawe waaminifu. Vyama vyetu vingi haviwezi hata nusu yake, kwa sababu ni vya mkobani. Sheria inataka wanachama elfu moja kwa kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti, ndipo chama kisajiliwe kikamilifu, majina yanakusanywa, cheti kinatolewa, kisha chama kinakaa kusubiri mwanasiasa mwenye pesa. UDA yenyewe ilikuwa Party of Development and Reforms kabla ya kubadilishwa jina. Tangu NARC kila aliyeshinda urais amekuja na chama kipya: PNU 2007, TNA 2013, Jubilee 2017, UDA 2022. Ruto akisimama tena na UDA atakuwa rais wa kwanza tangu Moi na KANU 1997 kutetea kiti kwa chama kile kile kilichompeleka. Ukifikiria hivyo, kuulizana kama chama cha tatu kinaweza kukua ni kuruka hatua. Tangu KANU iondoke, hata cha kwanza, kile cha rais, hakijakaa madarakani miaka kumi.

Lakini kuna namba moja ambayo Maraga na Omtatah wanapaswa kuibandika ukutani. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa milioni 22.1. Waliopiga kura walikuwa kama milioni 14.3. Karibu milioni 7.8 hawakwenda, na hao ni wengi kuliko waliompa Ruto ushindi. Mombasa hatukufika hata nusu. Ongeza wale kama mpwa wangu ambao hawakuandikishwa kabisa, na wale waliotimiza miaka 18 baada ya hapo. Mgombea wa tatu anayeng'ang'ania kura za Kalonzo Ukambani au za Gachagua Nyeri atagombana na wapinzani wenzake bure na atamaliza na kura laki moja. Anayekwenda kuwatoa nyumbani hawa waliolala anaiongeza jumla ya kura, na nusu inapanda pamoja nayo. Kwa namna hiyo anaweza kumzuia rais bila kumgusa mpinzani yeyote.

Hilo ni kazi ya miguu, si ya TikTok. Vijana waliojaza barabara Juni 2024, wakafanya mswada uliokwisha kupitishwa bungeni ukataliwe na rais mwenyewe siku ya pili, walionyesha nguvu ambayo hakuna chama kimeionyesha tangu 2002. Wenzao makumi walikufa kwa risasi. Inaniuma kuona nguvu ile ikiishia kwenye kubishana mtandaoni nani atakuwa wa tatu na nani wa nne, wakati ofisi za uandikishaji ziko wazi na viti vya karani havina mtu mbele yake.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu vipande vipande, usiku ule na siku zilizofuata. Kura ya Maraga haimpi Ruto ushindi duru ya kwanza. Ila kabla ya kumpa, amuulize hadharani, yeye na Omtatah na Kalonzo na kila anayetaka kiti kile: mkiwa wa tatu, siku ile ya pili mtasimama na nani, na mko tayari kuandika sasa hivi? Mwenye kukwepa swali hilo leo, Agosti 2027 atakuwa anajibu simu. Nikamwambia pia kuhusu ile nafasi tupu ya sahihi mlangoni.

Alhamisi iliyofuata nilimsindikiza ofisi ya tume ya eneo bunge letu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mbele yetu alikuwa mama mmoja anayehamisha kituo, basi. Karani alimwekea vidole kwenye mashine, kidole gumba cha kulia kikakataa mara mbili kwa jasho, akakifuta kwenye suruali, kikakubali mara ya tatu. Alipopewa karatasi yake aliisoma yote, kisha akamuuliza karani kama mtu aliyeandikishwa hapa anaweza kuwa wakala kwenye kituo hiki hiki. Karani akamwambia hilo aulize chama chake.

"Sina chama," alisema. Akanigeukia. "Mjomba, ofisi ya Maraga hapa Mombasa iko wapi?"

Sikuijua. Tulitoka kwenda kuitafuta.